BOLTI ILIYOGANDA HAITAKI HASIRA

(Haya ni maneno aliyoyasema mwanachama mwenzetu wa karakana ya reli mbele ya wanachama, wavuvi na mabaharia waliokusanyika Msambweni. Tumeyapiga chapa pamoja na maswali yaliyoulizwa, kwa sababu wengi ambao hawakuweza kufika wameyaomba.)



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo mtu akilisikia atadhani ni dogo: namna ya kutoa bolti, nati au parafujo iliyogoma katika vyombo vyetu vya tanga. Najua wapo watakaouliza, mtu wa reli ana habari gani na mashua? Nitawajibu kwa neno moja tu. Mbavu za mashua huku kwetu twaziita mataruma. Na vile vipande vinavyolazwa chini ya reli navyo huitwa mataruma. Neno ni moja, na kazi ni moja: kushika kitu kisiachane. Kinachofunga mbao kwenye taruma la mashua ni msumari na bolti, na kinachofunga reli kwenye taruma lake ni chuma vilevile. Kutu nayo haiulizi kama wewe ni wa bahari au wa bara.

Lakini sikuja kwa sababu ya neno. Nimekuja kwa sababu ya jicho la shemeji yangu.

Mwaka 2021 shemeji yangu alikuwa baharia katika chombo cha tanga kinachochukua watalii huko Diani. Mwenye chombo simtaji jina. Asubuhi moja nati ya bawaba ya usukani ilikataa kutoka, na wageni walikuwa wamekwisha kufika pwani. Akaambiwa, “Piga tu, watu wanangoja.” Akachukua patasi na nyundo. Patasi ile ilikuwa ya zamani, kichwa chake kimepondeka kwa kupigwa miaka mingi, kimevimba pembeni kama uyoga. Pigo la tatu, kipande kidogo cha chuma kiliruka kutoka kwenye kile kichwa kikamwingia jichoni. Kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele. Jicho halikupona.

Nati yenyewe ilitoka siku ya pili yake. Mtu mwingine aliitia mafuta jioni, akaiacha ilale, na asubuhi akaifungua kwa spana bila ya kupiga kelele. Usiku mmoja tu. Ndugu zangu, hilo ndilo neno langu lote la leo. Chuma kilichoganda hutaka muda, na muda huo ni wa kudai. Mengine nitakayosema ni kueleza hilo.

KWA NINI HUGANDA

Mtu asiyejua ugonjwa hawezi kutoa dawa. Kuna magonjwa matatu makubwa, nayo hayafanani.

Ugonjwa wa kwanza ni kutu ya chuma cha kawaida. Chuma kikiliwa na maji ya chumvi hugeuka kutu, na kutu hutaka nafasi kubwa zaidi kuliko kile chuma kilichokuwapo. Basi ndani ya nati, mahali ambapo hapakuwa na nafasi hata ya unywele, kutu huvimba na kujikaza. Kwa hiyo nati haikugoma kwa sababu ilikazwa sana. Imebanwa na uchafu uliovimba ndani yake.

Ugonjwa wa pili ni wa vyuma viwili visivyopatana. Vyombo vya siku hizi vina milingoti ya alumini, na watu huifunga kwa bolti za stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu upesi. Kila kimoja peke yake ni kizuri. Lakini ukiviweka pamoja katika maji ya chumvi, alumini huanza kuliwa. Utaona unga mweupe umetoka kandokando ya parafujo. Unga ule hushika kama saruji.

Ugonjwa wa tatu ni wa stenlesi juu ya stenlesi. Ukikaza nati ya stenlesi kwa haraka, kavu, bila ya mafuta, meno yake husuguana mpaka yakaumana na kuwa kitu kimoja. Hapo hakuna kutu hata kidogo, na bado nati haiendi mbele wala nyuma. Mafuta ya kupenya hayasaidii sana hapo. Mara nyingi dawa ni kuikata tu.

Liko na jambo la shaba ya njano. Parafujo za shaba ya njano zikikaa sana katika maji ya chumvi, zinki iliyomo ndani yake hutoka, na kinachobaki ni shaba dhaifu yenye rangi ya wekundu. Kwa nje yaonekana nzima. Ukiizungusha kwa nguvu hukatika kama biskuti. Ukiona wekundu ule, punguza nguvu kabla hujaanza.

NAMNA YA KUANZA KAZI

Jambo la kwanza, tazama chombo kimesimama wapi. Usifungue bawaba ya usukani wala chuma kinachoshika kamba za mlingoti chombo kikiwa majini, au mlingoti ukiwa unategemea kamba hiyo. Kipandishe chombo pwani, kitegemeze vizuri, na mlingoti uufunge kwa kamba nyingine.

Jambo la pili, safisha. Wengi huliruka hili. Chukua brashi ya waya, ondoa rangi, deheni, chumvi na kutu yote inayoonekana, hata katika yale meno yaliyotokeza nje ya nati, maana nati itapita juu ya meno hayo. Mwagia maji baridi yasiyo ya chumvi. Palipo na ule unga mweupe wa alumini, siki husaidia kuulainisha. Acha kitambo, kisha osha.

Jambo la tatu, tia mafuta, uondoke. Yako mafuta ya kupenya ya kopo yanayouzwa madukani. Asiyekuwa nayo atumie mafuta ya taa au dizeli. Mafundi wengi huchanganya asetoni na mafuta mekundu ya gia za magari ya otomatiki, nusu kwa nusu, wakatikisa chupa kila mara kwa sababu vitu hivyo viwili hupenda kuachana. Ni dawa nzuri, lakini hushika moto upesi sana na huharibu rangi. Usiitumie karibu na sigara wala jiko. Tia mafuta, gonga kidogo ili yashuke, ngoja, tia tena. Jioni tia, usiku wa manane ukiamka tia, asubuhi tia. Ukiweza siku mbili, ni bora kuliko moja.

Kugonga ninakosema si kupiga. Ni kugonga kwa nyundo ndogo juu ya kichwa cha bolti, mara nyingi, kama mtu anayebisha mlango wa watu wazima. Mtetemo ndio unaovunja kutu. Na kama wataka kugonga ule mwisho wa bolti wenye meno, rudisha nati kwanza mpaka iwe sawa na mwisho wake, ugonge zote pamoja. Ukipiga meno matupu yatapondeka, na bolti haitapita tena katika tundu.

Jambo la nne, tumia spana inayoenea barabara. Spana ya duara inayoshika pembe zote sita ni bora kuliko ile iliyo wazi, na ile ya kurekebisha kwa kidole iwe ya mwisho kabisa, maana ndiyo inayolegea na kula pembe za nati. Kadhalika bisibisi: upana wa ncha yake uwe sawa na mfereji wa parafujo. Weka kifua chako juu yake, sukuma chini kwa nguvu nyingi, na zungusha kwa nguvu chache.

Jambo la tano, ndilo ambalo vijana hulicheka: kaza kwanza. Sogeza nati kidogo upande wa kukaza, kiasi cha unywele. Ukisikia imelia, basi kutu imevunjika. Sasa rudi upande wa kufungua. Ikiwa nzito, rudi tena kukaza, tia mafuta, fungua tena. Nenda na kurudi. Anayevuta upande mmoja tu kwa hasira ndiye anayevunja bolti.

HABARI YA MOTO

Katika karakana sisi hutumia moto, nao hufanya kazi. Chuma kikipata joto hutanuka. Ukiipasha nati moto zaidi ya bolti yake, nati hupanuka na kuachia. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kawaida, kwa hiyo parafujo iliyokwama ndani ya alumini mara nyingi hulegezwa na joto dogo tu.

Lakini karakana yetu ina sakafu ya saruji. Mashua ni mbao kavu, na katikati ya mbao mna kalafati ya pamba iliyolowa mafuta, na juu yake sifa, deheni na rangi. Ni utambi uliokwisha kutiwa mafuta tayari. Basi usilete moto wa gesi katika mashua. Chukua birika la maji yanayochemka, mwaga juu ya mahali palipokwama. Kwa alumini hayo hutosha mara nyingi. Kwa parafujo iliyo ndani ya mbao, pasha chuma moto mbali na chombo, kisha gusisha kichwa cha parafujo kwa kitambo. Parafujo hutanuka na kuisukuma mbao, na ikipoa hunywea ikaacha nafasi. Ngoja ipoe kabla ya kujaribu. Na ndoo ya maji iwe karibu.

Moto na mafuta ya kupenya havikai pamoja. Aliyetia mafuta asilete moto juu yake. Na chuma kilichopakwa zinki kikichomwa hutoa moshi mweupe unaotia homa. Usiuvute.

IKIWA IMEHARIBIKA

Pembe za nati zikiwa zimeliwa, kuna njia tatu. Ya kwanza ni tupa: chonga pande mbili zilizoelekeana ziwe bapa, ushike kwa spana ndogo zaidi. Ya pili ni koleo lile la kujifunga lenyewe. Ya tatu ni msumeno wa chuma: kata nati kwa kufuata urefu wa bolti mpaka ubakie ukuta mwembamba, kisha ipasue. Nati ni ya shilingi chache. Usiihurumie.

Mfereji wa parafujo ukiwa umekwisha, chonga mfereji mpya kwa msumeno. Kama kichwa kimezama ndani ya mbao na msumeno haufiki, iko bisibisi ya kupigwa nyundo, ambayo kila pigo huisukuma chini na kuizungusha kwa wakati mmoja. Chombo hiki kimoja kikinunuliwa na watu kumi wa pwani moja, hakuna atakayejuta.

Bolti ikikatika ndani, usikate tamaa. Chonga kwa tupa mpaka uso wake uwe bapa. Tia alama ya shimo katikati kabisa, pima mara mbili, maana ukikosea kati utakula tundu la chombo. Toboa kwa keekee, ukianza na ncha nyembamba. Kwa bolti ya milimita 8, anza na 3, kisha 5, kisha 6 na nusu, polepole, na mafuta kila mara. Hapo litabaki gamba jembamba ambalo waweza kulichokoa. Viko vyuma vya kuzungushwa kinyume ili kutoa bolti iliyokatika. Ni vizuri kwa bolti iliyokwisha kulegea, lakini ni vigumu na huvunjika kama kioo. Kikivunjika ndani, keekee yako haitakiingia tena, na tatizo moja limekuwa mawili.

Na misumari ya mashua zetu, ambayo ncha yake imekunjwa kwa ndani juu ya taruma: usiing'oe kutoka nje kwa kuibana kichwa, utapasua mbao. Ingia ndani, nyoosha au kata ule mkunjo, kisha uusukume msumari kutoka ndani kwenda nje.

KURUDISHA

Fundi mwema hutazama pia mtu atakayekuja nyuma yake. Usirudishe bolti kavu. Paka girisi katika meno yake. Penye stenlesi na alumini, weka washa ya plastiki katikati na girisi nyingi, ili vyuma visigusane. Bolti iliyopungua unene, hata kama yashika, itupe. Wazee hapa wanajua chombo hujaribiwa wapi: katika mlango wa mwamba, kusi ikivuma, mawimbi yakisukuma usukani huku na huku. Pale si mahali pa kugundua ya kwamba bolti ilikuwa nusu.

Sisi wa reli hatungojei vyuma vinavyounganisha reli vigande ndipo tuvifungue. Hufunguliwa kwa zamu, vikasafishwa, vikatiwa mafuta, vikafungwa tena. Nanyi fanyeni vivyo hivyo. Wakati wa kusi, vyombo vingi vidogo vikiwa vimepandishwa, fungueni kila bolti mara moja, mpake mafuta, mrudishe. Bolti inayofunguliwa kila mwaka haigandi.

JUU YA MACHO NA SHERIA

Sasa narudi kwa shemeji yangu, maana habari yake haikwisha pale.

Alipewa nauli na kuambiwa apumzike nyumbani. Baadaye akaambiwa kosa ni lake, hakutumwa kupiga kwa patasi. Naye akaamini. Sisi jamaa zake nasi tukaamini. Tulipokuja kuuliza chamani, mwaka ulikuwa umepita. Basi sikieni vizuri, na mwenye kalamu aandike.

Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 yasema mfanyakazi aliyeumia kazini ana haki ya fidia. Mpe tajiri habari mara moja, kwa mdomo au kwa barua, na mimi nasema barua ni bora, pamoja na shahidi. Tajiri akipata habari ana siku 7 za kupeleka taarifa serikalini. Na madai yapelekwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Hiyo miezi 12 ndiyo iliyotupita sisi. Isiwapite nyinyi.

Kadhalika Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huohuo 2007 inamtaka tajiri kuleta vifaa vya kujikinga. Miwani ya kazi ni katika vifaa hivyo. Kuidai si kiburi. Na ukiambiwa “Piga tu, watu wanangoja,” jibu kwa adabu: “Bwana, nati hii yataka mafuta na usiku mmoja. Tuwachukue wageni kwa chombo kingine.” Mtu mmoja akisema hivyo aweza kufukuzwa. Mabaharia wote wa pwani hiyo wakisema hivyo siku moja, itakuwa ndiyo desturi ya kazi. Chama ni kwa ajili hiyo.

Na wewe mvuvi unayegawana samaki na mwenzio, huna tajiri wa kumdai. Basi jicho lako ni wewe peke yako wa kulilinda. Vaa miwani. Patasi iliyovimba kichwa, ichonge kwa tupa au jiwe la kunolea kabla ya kuipiga. Na kipande kikiingia jichoni, usisugue, usikitoe mwenyewe. Funika jicho kwa kikombe kisafi bila ya kulibana, uende hospitali saa ileile.

MASWALI

Mzee mmoja wa Gazi aliuliza: “Mwanangu, mitepe ya zamani haikuwa na msumari hata mmoja, na ilisafiri. Si heri turudi huko?”

Jibu: Ni kweli, mzee wangu. Mitepe ilishonwa kwa kamba za nazi, na vyombo vya kushonwa katika pwani hii vimetajwa hata katika kitabu cha Wayunani cha karne ya kwanza. Lakini kamba nayo huoza, na ilibidi chombo kishonwe upya kila baada ya muda. Wazee wale hawakukwepa kazi ya kufungua na kufunga. Waliifanya kwa wakati wake. Ndilo ninaloliomba.

Kijana mmoja wa Shimoni aliuliza: “Nikitia bomba refu katika mkono wa spana nipate nguvu, ni vibaya?”

Jibu: Nguvu utapata, lakini mkono wako hautasikia tena chuma kinasema nini. Bolti nyembamba itakatika kabla hujajua. Tia mafuta usiku wa pili kabla hujaleta bomba.

Mama mmoja, mke wa baharia, aliuliza: “Nikiona mume wangu anakwenda kazini bila ya miwani, nifanye nini?”

Jibu: Mama, mwambie habari ya shemeji yangu. Mimi sina jibu kubwa kuliko hilo.